Wagika, Wagalu na meza ya vijisanamu: jinsi ya kuvuta watu Bariadi bila kuonekana mcheza pata potea

Ukitaka kujua kazi ya kuvuta watu inavyofanywa, nenda Usukumani kiangazi. Mahindi yako ghalani, pamba inauzwa, na uwanjani yanasimama makundi mawili ya ngoma, kila moja upande wake. Yanaanza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mwenye kalamu. Watazamaji wako huru kwenda wanakotaka, na kundi lililojaza watu wengi ndilo limeshinda. Basi.

Makundi hayo ni Wagika na Wagalu. Mkoa mzima wa Simiyu unayajua, kuanzia Bariadi na Itilima hadi Maswa, Meatu na Busega. Simulizi za Usukumani zinasema yalianza karne ya 19, kutokana na wachezaji wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, waliotaka kujua nani ana samba kali zaidi. Samba ni dawa ya ngoma, ile inayoaminika kuvuta macho ya watu na kuwafanya wasiondoke. Walishindana, ubishi haukuisha, wafuasi wakagawanyika. Mpaka leo kijana wa Kisukuma anaweza kukuambia ukoo wake uko upande gani kama vile watu wa Dar wanavyosema Simba au Yanga.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Samba au siyo samba, makundi haya hayakukaa tu yakingoja dawa ifanye kazi. Yalitafuta vituko. Wacheza nyoka, Wayeye, waliingia na chatu hai shingoni. Wacheza bugobogobo walirusha majembe juu na kuyadaka bila kupoteza mdundo. Wengine walichonga sanamu za mbao, nyingine zenye viungo vinavyochezeshwa, na kuzitoa uwanjani ghafla wakati upande wa pili umeanza kuchukua watu. Yaani mtu alikuwa na silaha ya akiba, anaificha mpaka saa yake ifike.

Ukitaka kuyaona haya leo, tamasha la Bulabo pale Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, bado linawakutanisha Wagika na Wagalu kila mwaka wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Bujora ndiko liliko jumba la makumbusho la Wasukuma, lililoanzishwa na padre kutoka Kanada, David Clement, ambaye alielewa mapema kwamba Msukuma hutamfikia bila ngoma. Na Bariadi yenyewe, baada ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012, ilipata tamasha lake la Simiyu Jambo, lenye mbio za baiskeli na hizo hizo ngoma.

Meza inaingiaje hapa?

Duniani kuna mchezo ambao haujazoeleka sana kwetu. Watu wanakaa kuzunguka meza kubwa iliyotengenezwa kama nchi ndogo: vilima, mto, nyumba, miti. Juu yake wanasimamisha vijisanamu, vingi vikiwa na urefu wa kidole gumba au chini ya hapo. Kila mchezaji ana upande wake. Wanasogeza kwa kupima umbali, wanarusha dadu kuamua nani amefanikiwa na nani ameshindwa. Vita vya zamani, mashindano ya mpira, majini ya hadithi, hata mbio za magari, vyote huchezwa hivyo.

Haukuanza kama mchezo wa watoto. Mwaka 1824 afisa wa jeshi la Prussia, Reisswitz, aliutandaza mchezo wake wa vita mbele ya mkuu wa majeshi, Jenerali von Müffling. Hakuwa na vijisanamu, alikuwa na ramani na vipande vidogo vya kuwakilisha vikosi. Jenerali alikuja shingo upande. Mchezo ulipoanza kwenda, akabadilika kabisa, na baadaye akapendekeza utumike katika jeshi lote. Onyesho moja tu, mbele ya mtu aliyekuja akiwa hataki. Mwaka 1913 mwandishi wa Uingereza H.G. Wells akatoa kitabu, Little Wars, cha kucheza sakafuni kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo inayorusha vijiti. Leo kampuni ya Games Workshop, yenye makao Nottingham, inaishi kwa kuuza vijisanamu, na jijini London kuna maonyesho yanayoitwa Salute, yaliyoanza mwaka 1972, ambako vilabu vinashindana kuweka meza za kuwasimamisha wapita njia.

Kumbe ni kitu kile kile cha Wagika na Wagalu. Uwanja mmoja, makundi mengi, watu wako huru kutembea. Ukichosha, wanahama.

Hata Afrika Mashariki ina historia inayochezwa kwenye meza hizo. Vita ya Tanga ya Novemba 1914, pale Waingereza walipoleta askari wapatao 8,000 kutoka India na wakashindwa na kikosi cha Wajerumani na askari Waafrika kilichokuwa kidogo mara nyingi, ni maarufu kwa wachezaji wa Ulaya, zaidi kwa sababu ya nyuki waliotoka mizingani na kuwashambulia watu katikati ya mapigano. Inachekesha kidogo kwamba mtu wa Uingereza anaweza kuipanga Tanga mezani kwake kuliko kijana wa Tanga mwenyewe.

Tatizo la kwanza: pata potea

Ukiweka meza karibu na stendi ya Bariadi, ukatoa dadu, ukaanza kuita watu, kila mwenye akili zake atashika mfuko wake na kuongeza mwendo. Na atakuwa sahihi. Mchezo wa maonyesho unaojulikana zaidi kwenye stendi zetu ni pata potea, ile ya karata tatu. Nayo ina mbinu zote: meza ndogo, mtu mwenye mdomo, umati unaoshangilia, na mteja anayeshinda mara mbili tatu mfululizo. Shida ni kwamba yule mteja ni mpambe, wako pamoja.

Kwa hiyo anayetaka kuonyesha mchezo halali anaanza akiwa nyuma. Lazima afanye kinyume cha kila alama ya utapeli. Pesa isionekane mezani kabisa, hata ya chenji. Hakuna dau, hata soda. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo na sheria yake ipo, na ukianza kuchezea fedha hadharani, tena mbele ya watoto, umeshatoka kwenye burudani umeingia kwenye kesi. Meza iwe kubwa na mahali peupe, siyo ya kukunjwa haraka polisi akitokea. Na muhimu kuliko yote, rafiki zako wasijifanye wageni. Wakisukuma vijisanamu, wavae fulana moja au wasimame upande mmoja ili kila mtu ajue ni wenyeji. Siku ambayo mtu mmoja atagundua kwamba "mgeni" aliyeshinda ni binamu yako, mchezo wako Bariadi umekwisha.

Kabla ya hapo, karatasi. Mtendaji wa kata ajue. Afisa utamaduni wa halmashauri ajue. Barua moja yenye mhuri, imewekwa kwenye meza, inapunguza maswali kwa kiasi cha kushangaza.

Kitu cha kusimamisha mtu

Mpita njia ana sekunde chache. Macho yake yanaona rangi, umbo na kitu anachokijua. Hicho cha tatu ndicho watu wengi wanakosea. Ukileta mezani askari wa angani wenye mitambo mgongoni, kijana aliyeangalia filamu atasimama. Mama aliyetoka kuuza nyanya hatasimama, na mzee mwenye fimbo ataona ni mambo ya watoto.

Weka tembo.

Simiyu inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa. Katika vijiji vya pembeni mwa hifadhi, tembo kuingia shambani ni habari ya kila mwaka. Kila mtu ana maoni yake: wapigwe makopo, wamulikwe tochi, wachomewe pilipili, serikali ifanye hivi, wale wa wanyamapori wafanye vile. Meza yenye shamba la mahindi, kijiji, mto na tembo watano wanaotoka porini haihitaji maelezo. Mtu anafika tayari ana hoja.

Vifaa havihitaji kuagizwa Ulaya. Watoto wa Usukumani wamekuwa wakifinyanga ng'ombe wa udongo tangu zamani, na anayeweza ng'ombe anaweza tembo. Udongo mzuri wa mtoni, ukaushwe kivulini siku kadhaa ili usipasuke, kisha upakwe rangi. Rangi iwe ya kuonekana kutoka mbali: tembo wa kijivu juu ya ardhi ya kijivu hawaonekani hatua kumi. Ardhi iwe nyekundu au ya mchanga, mahindi kijani kibichi, paa za bati zing'ae. Pamba kwenye shamba la pamba iwe pamba yenyewe, hilo ni jambo dogo lakini watu hulishika kwa vidole na kucheka. Mipaka na mto vinaweza kuchorwa kwa chaki, na Maswa wanatengeneza chaki zao. Wakulima wafinyangwe wengi zaidi ya wanaohitajika kwa sababu watavunjika. Hakuna njia ya kuwazuia watoto kushika, na ukiwafokea umepoteza wazazi wao pia.

Kanuni zitoshe kwenye kiganja. Mfano mmoja unaofaa: mchezaji wa kwanza ana tembo watano, wa pili ana wakulima sita wenye tochi na makopo. Kila zamu, kila kijisanamu kinakwenda shibiri moja. Kata kijiti chenye urefu wa shibiri moja ili mkono wa mtoto na mkono wa mtu mzima visilete ugomvi. Mkulima akifika ndani ya shibiri moja ya tembo, anarusha dadu. Nne, tano au sita, tembo anarudi nyuma shibiri mbili. Moja, mbili au tatu, mkulima anakimbia yeye. Tembo wakifika kwenye mashamba matatu, wameshinda. Zamu nane zikiisha kabla ya hapo, kijiji kimeshinda. Mchezo mzima ni kama dakika kumi, kumi na tano ukiwa na mabishano.

Angalia kwamba katika kanuni hizo mkulima hakanyagwi na tembo hauawi. Hilo halikuachwa kwa bahati mbaya. Wapo watu Meatu, Itilima na Bariadi waliofiwa kwa sababu ya tembo, na mmoja wao anaweza kusimama mbele ya meza siku hiyo hiyo. Kwake huyo tembo wa udongo si mzaha. Akianza kusimulia, mchezo usimame, asikilizwe. Na mwenyeji akiona kijiji alichopo kina msiba wa karibuni, atoe tembo aweke kitu kingine: kuvusha ng'ombe mtoni, mbio za baiskeli, hata Wagika na Wagalu wenyewe kwa vijisanamu. Mchezo wa kuvutia unatafuta jambo linalogusa, ila ukikosea kidogo unamuumiza mtu kwenye kidonda chake mbele za watu.

Umati si wachezaji

Hapa ndipo kanuni ya Wagika na Wagalu inaweza kumdanganya mwenye meza. Ngoma inahesabu umati. Meza ikihesabu umati itajisifu bure. Watu mia wanaweza kuzunguka, wakapiga picha, wakaweka kwenye status, wakaondoka, na kesho yake klabu ina watu wale wale wanne walioianzisha. Kinachopaswa kuhesabiwa ni viti: wangapi walikaa, wakashika dadu, wakamaliza mchezo.

Na umati mkubwa wenyewe unaweza kuzuia kukaa. Mtu mzima hapendi kukosea mbele ya watu hamsini. Ndiyo maana meza moja kubwa yenye mbwembwe zote inafaa iwe na meza ndogo kando yake, labda hatua tano, yenye tembo wawili na wakulima watatu, chini ya kivuli cha mwembe. Kubwa inaita, ndogo inapokea. Makundi ya ngoma yenyewe yalilijua hili kwa namna yao, maana chatu shingoni alivuta macho tu. Kijana aliyetaka kuingia kundi alipokewa pembeni, akafunzwa nyimbo, akapewa dawa ya kundi, akawa na watu wake. Uwanjani ulikuwa mlango tu.

Bao nalo linafundisha, kwa uzuri na kwa ubaya. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji anaanza akiwa na kete 22 mkononi za kunamua. Kumsikiliza fundi akilieleza ni raha, kulicheza siku ya kwanza ni mateso. Waliolitunza walijua hivyo, ndiyo maana kuna bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, hakuna za mkononi, unaanza. Hiyo ni hekima ya zamani, mgeni kutengewa mlango wake. Upande mbaya unaonekana kwenye baraza nyingi. Mafundi wanacheza kwa kasi, hawasemi, na mgeni akiuliza anajibiwa "angalia tu." Ataangalia mara mbili, ya tatu hatarudi.

Usukumani kuna isolo, ndugu wa bao, ambalo wazee wanaume, wanawake na wavulana huwa na namna zao tofauti za kulicheza. Vijana wengi wa mjini leo wanajua drafti ya vizibo vya soda na michezo ya kwenye simu kuliko isolo. Mzee anayelijua akiondoka bila kumfundisha mtu, kanuni zake zinakwenda naye. Mwenye meza ya vijisanamu anaweza kufanya jambo la maana bila gharama yoyote: mwalike guku mmoja mwenye isolo lake akae meza ya jirani. Wazee watakuja kwa ajili yake, wajukuu watakuja kwa ajili ya tembo, na watabadilishana viti bila kuambiwa.

Dakika ya kwanza mpaka ya kumi

Meza isikae tupu ikisubiri wachezaji. Mchezo uwe umeshaanza, tembo wawili wameshaingia mahindini, mambo yameharibika. Mtu akisimama, anakuta tatizo. Watu wanapenda kutatua tatizo kuliko kusomewa kanuni.

Mwenyeji anatoa salamu kwanza. Asubuhi ni mwangaluka, jioni mwadila, na kwa mtu mzima usirukie mchezo kabla salamu haijajibiwa. Halafu swali moja, siyo hotuba. "Mayu, hawa wawili wameshaingia shambani. Wewe ungempeleka nani?" Akinyoosha kidole, mpe kijisanamu mkononi. Akishakishika, yumo. Dadu irushwe na yeye, hata kama hajakaa.

Wenyeji wawe wawili kwa meza. Mmoja anacheza na wageni, wa pili anazungumza na waliosimama, kwa sababu mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili na matokeo yake ni mchezo unaosimama kila dakika. Yule wa pili anasema kinachotokea kama mtangazaji wa mpira redioni, kwa Kiswahili na Kisukuma, bila kuzidisha. Kelele zikizidi inarudi harufu ya pata potea.

Je, mgeni aachiwe ashinde? Wapo wanaosema ndiyo. Ni ushauri mbovu. Mtu mzima anajua akiachiwa, na mtoto anajua haraka zaidi. Kinachofaa ni kuutengeneza mchezo wenyewe uwe wa karibu, ili anayeanza awe na nafasi ya kweli mpaka zamu ya mwisho. Bora zaidi, mwenyeji asicheze dhidi ya mgeni hata kidogo. Mgeni dhidi ya mgeni, mwenyeji anasimamia. Watu wa Bariadi na watu wa Maswa wakikaa pande mbili za meza moja, utani utafanya kazi iliyobaki.

Wasichana na akina mama wanahitaji jicho la ziada. Umati wa vijana wa kiume ukishazingira meza, hawatapenya, hata kama wanataka. Kuwa na mwenyeji wa kike anayeshika dadu kunafanya kazi kuliko tangazo lolote la "wote mnakaribishwa."

Kinachowarudisha

Mwaka 2004 katika mtaa duni wa Katwe, Kampala, Robert Katende alianza kufundisha watoto sataranji. Watoto hawakuja kwa sababu ya sataranji, mchezo ambao hawakuwa hata na jina lake. Kulikuwa na uji. Phiona Mutesi alimfuata kaka yake akitafuta chakula, akachungulia, akavutiwa na vipande vile. Mwaka 2012 alikuwa na hadhi ya kimataifa ya sataranji, na mwaka 2016 filamu ya maisha yake ilionyeshwa duniani. Watu hukumbuka uji katika hadithi hiyo. Wanasahau kwamba Katende alikuwepo tena kesho yake, na kesho kutwa, mahali pale pale.

Mnigeria Tunde Onakoya alivuta macho kwa njia nyingine: Aprili 2024 alicheza sataranji saa 60 mfululizo pale Times Square, New York, kuchangisha fedha za elimu ya watoto. Kituko kikubwa, na kilifanya kazi. Lakini nyuma yake kulikuwa na miaka ya kufundisha watoto wa mitaa duni ya Lagos. Kituko bila darasa kingekuwa habari ya wiki moja.

Kwa meza ya Bariadi, uji si lazima, ingawa ndoo ya maji ya kunywa na vikombe visafi kiangazi ni neema. Duka la Games Workshop humpa mgeni kijisanamu kimoja akipake rangi, aondoke nacho bure. Wanajua wanachofanya: kijisanamu kimoja kinaita cha pili. Tembo mmoja wa udongo hagharimu kitu. Mtoto akienda naye nyumbani, jioni hiyo familia nzima inauliza katoka wapi, na jibu ni tangazo. Chini ya tembo huyo bandika karatasi ndogo: siku gani, saa ngapi, wapi. Siku na mahali visibadilike. Mtu aliyetoka Dutwa kwa baiskeli akakuta hakuna mtu hatarudi, na atawaambia wenzake.

Mahali penye watu si tatizo mkoani. Siku za mnada watu wanatoka mbali, ila wamekuja na ng'ombe na wana haraka asubuhi. Baada ya biashara, mchana, ndipo wanakaa. Lamadi, pale njia ya Bariadi inapokutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma, kuna abiria wanaosubiri gari, na anayesubiri gari ana dakika kumi kamili, hana zaidi. Nyakabindi, uwanja uliobeba Nane Nane ya kitaifa miaka ya 2018, 2019 na 2020, umejengwa kwa ajili ya kuonyesha vitu, ila pale utashindana na matrekta, ng'ombe wa maziwa na spika za kila banda. Meza ya kimya itamezwa. Ukienda huko, beba tembo mkubwa, wa urefu wa mtoto, umsimamishe nje ya banda. Wagalu wangefanya hivyo hivyo.

Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, watu wanarudi shambani na udongo wa vijisanamu unaanza kunyonya unyevu. Hapo meza inahamia ndani, kwenye darasa lililoombwa kwa mwalimu mkuu siku za Jumamosi au baraza la mtu mwenye subira, na wale waliokaa kwenye viti kiangazi ndio watakaojulikana kama walikuwa wanapita tu. Tembo wahifadhiwe kwenye ndoo yenye majivu makavu, na mmoja abaki juu ya kaunta ya duka lililo jirani, na karatasi yake ya siku na saa.